Pindo la Gauni

Ua la kiduha ni zuri. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu wanaoeleza habari za gugu hili huanzia kwenye hasara, na mimi nisingefanya nililolifanya kama ua lenyewe lisingekuwa zuri. Rangi yake ni zambarau iliyoingiliana na waridi. Maua hupanda juu ya kijiti kimoja, moja juu ya jingine, hadi usawa wa goti la mtu mzima, na yakichanua katikati ya mahindi yaliyodumaa unaweza kudhani kuna mtu ameyapanda ili kumpoza mwenye shamba. Mwaka 1986 nilikuwa na miaka saba, na shamba la mama lilikuwa limejaa.

Kwetu ni kati ya mji wa Bunda na Guta, mahali ardhi inapoteremka polepole kuelekea Ghuba ya Speke. Upande wa mawio kuna barabara kuu inayounganisha Mwanza na Musoma, kuna mlima Balili, na mbele zaidi inaanza Serengeti. Udongo wetu ni wa kichanga, umelimwa tangu enzi za babu wa babu zetu, na wakati ule kila msimu ulitoa pungufu ya uliotangulia. Tulilima pamba ya kuuza, na kwa chakula mahindi, mtama, ulezi na muhogo. Viazi vitamu mama alivikata vipande akavianika juu ya mawe vikawa michembe ya kutuvusha miezi ya njaa.

Watoto wa kike tulikuwa na mchezo wa baba na mama, na Jumamosi mchezo huo uligeuka harusi. Ukumbi ulikuwa uwanja wa bibi, ng'ambo ya korongo, kwa sababu ulifagiwa kila alfajiri na kivuli cha mwembe wake kilikuwa kipana. Mimi nilikuwa mpambaji. Siku hiyo niliingia shambani kwa mama nikakata maua mpaka mikono ikajaa, kisha nikakunja gauni mbele kama mfuko nikayatia humo. Nakumbuka vijiti vilivyokuwa vikinikwaruza tumbo kupitia kitambaa. Nikavuka korongo, nikakatisha katikati ya shamba la bibi maana ndiyo ilikuwa njia fupi, nikapamba. Bibi harusi alikuwa na miaka sita, tukamvika taji la viduha. Jioni tuliitwa kula, kila mtu akakung'uta gauni lake akaondoka. Kesho yake bibi alifagia uwanja, akazoa taka zote, akazimwaga shambani kama alivyofanya miaka yote, kwa kuwa taka za uani ni mbolea.

Sikujua kwamba kiduha huchanua kuanzia chini kwenda juu. Wakati maua ya kileleni yanafunguka, ya chini yamekwisha kuwa vifuko vya mbegu, na vingine vimekwisha kupasuka. Nilipobeba maua nilibeba na mbegu zilizokomaa, na kila hatua niliyopiga ilizikung'uta.

Shamba la bibi lilikuwa safi. Alilima mtama na ulezi, hakulima pamba kabisa, akisema pamba hailiwi. Mbegu aliichagua mwenyewe: alipita shambani kabla ya mavuno, akafunga kijikamba kwenye masuke aliyoyapenda, na hayo yalining'inizwa jikoni juu ya moshi hadi msimu mwingine ili wadudu wasiyaguse. Boma lake lilizungukwa na minyaa, ile yenye utomvu mweupe tunaokatazwa kuushika kisha kujifuta macho. Alinieleza kuwa boma zima lilitokana na kijiti kimoja alichokuja nacho alipoolewa. Alikichomeka, kikashika, akakikata, akachomeka vipande vyake, navyo vikashika. Marando ya viazi na vijiti vya muhogo tulivipanda kwa namna hiyo hiyo, na bibi alipenda kusema kuwa muhogo wa kijiji chetu ni mtu mmoja anayekaa katika mashamba mengi. Miaka ya baadaye, ugonjwa wa batobato ulipoingia katika mihogo ya Kanda ya Ziwa, nilielewa ukweli wa usemi ule: kijiti kikiwa kigonjwa, shamba lote linalotokana nacho ni gonjwa, na jirani anapokuomba mbegu unampa ugonjwa mkononi kwa moyo mweupe. Inzi weupe nao husambaza, lakini mkono wa jirani hufika mbali kuliko bawa la inzi.

Alikuwa na neno jingine ambalo limenikaa zaidi. "Mmea hauna miguu, mjukuu wangu. Ukiukuta mahali ambapo hukuupanda, uliza nani kaubeba." Aliniuliza hivyo tukiwa njiani, akaninyooshea kidole mpapai uliochomoza penye taka, mkwaju katikati ya malisho, mpera kando ya choo. Nami nilijibu: ndege, mbuzi, mtoto. Ulikuwa mchezo wetu wa pili, na kwangu ulikuwa darasa la kwanza la elimu ya mimea.

Msimu wa 1988 viduha vichache vilionekana shambani kwa bibi. Hakuna aliyeshtuka. Mwaka uliofuata vilikuwa viraka, na mwaka 1990 nusu ya mtama ilisimama kimo cha mtoto, majani yamejikunja kama ya mmea wenye kiu ilhali mvua ilikuwa imenyesha vizuri na ukichimba kidogo unakuta udongo wenye unyevu. Hicho ndicho kilichowatisha watu. Ukame tunaujua, viwavi tunawajua, lakini mtama unaokufa kwa kiu ndani ya udongo wenye maji hauna maelezo. Mashamba ya jirani upande ule wa korongo yalikuwa mazima. Bibi alisimama kando ya shamba akauliza swali lake lile lile: nani kaleta?

Wapo waliojibu. Ng'ambo ya boma lake aliishi mama mzee, mjane, ambaye watoto wake walikuwa wamehama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa mabua na kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwa kuni zilikwisha kuwa za mbali na hakuwa na wa kumtuma. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua macho mekundu ya mwanamke mzee yamegharimu maisha ya wangapi. Hakuguswa, namshukuru Mungu kwa hilo. Ila kisimani akifika wenzake walimaliza kuchota haraka, na watoto tulikatazwa kupokea karanga zake. Kabla ya mwaka kwisha mwanawe wa kiume alikuja kumchukua, wakaondoka asubuhi na mapema na mzigo mmoja kichwani na mwingine kwenye baiskeli. Jina lake siliandiki hapa kwa kuwa wajukuu wake wapo.

Bibi hakuwahi kumtuhumu. Hakuwahi pia kumtetea. Kwa muda mrefu niliuona ukimya ule kuwa busara ya mtu mzima, na leo siuoni hivyo. Neno lake lilikuwa na uzito pale kijijini. Angelisema mara moja tu, kisimani, mbele za watu, lingetosha.

Mwaka 1997 nilikuwa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu wa biolojia alikuwa na tabia ya kuotesha vitu kwenye makopo ya rangi nyuma ya darasa. Siku moja alituletea makopo mawili ya mtama, mmoja umenawiri na mwingine umedumaa, akatuomba tuutafute ugonjwa. Tuligeuza majani, tukatazama mashina, hatukuona kitu. Akaupindua ule uliodumaa juu ya gazeti, akauosha mizizi kwa maji ya kopo taratibu, akatuita tusogee. Juu ya mizizi ya mtama kulikuwa na vijinundu, na kutoka katika kila kijinundu kilitoka kichipukizi cheupe kama uzi, kinapanda kuelekea juu. Hakikuwa kimefika kwenye mwanga. "Hiki ni kiduha," akasema. "Mkulima hajakiona bado, na kimekwisha kumla."

Nilijisikia kama mtu aliyeitwa jina lake katikati ya umati.

Alitufundisha siku ile mambo ambayo nimeyafuatilia hadi leo, na mengine yamegunduliwa baada yake. Mbegu ya kiduha haifiki nusu milimita. Ukiimwaga kiganjani ni kama ugoro, na mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu. Punje ya hindi huzaliwa na unga wake wa kuanzia maisha, mbegu ya kiduha haina akiba hiyo, kwa hiyo haithubutu kuota ovyo. Hukaa ardhini ikiwa hai miaka 10 na zaidi. Mvua ikija huiloweka kwa wiki moja au mbili, na bado haioti. Inangoja ishara. Mizizi ya mtama, mahindi na ulezi hutoa udongoni kemikali kidogo mno, ziitwazo strigolaktoni, na mbegu ya kiduha ikizinusa inajua chakula kiko jirani. Hapo inaota, na ina siku chache tu. Kimzizi chake hurefuka milimita chache: kikiukosa mzizi wa mtama kinakufa, kikiupata kinajipachika na kuunganisha mishipa yake na mishipa ya mwenyeji. Kwa majuma manne hadi saba kinaishi gizani kikinyonya maji na chakula. Ua unaloliona ni mwisho wa habari.

Kwa nini mtama utoe kemikali inayomwita adui? Swali hilo lilikaa bila jibu hadi mwaka 2005, watafiti wa Japani walipoonyesha kuwa mwito ule haukukusudiwa kwa kiduha. Unamwita kuvu wa udongoni, rafiki wa mizizi, anayeuletea mmea madini ya fosfati naye akalipwa sukari. Mmea ukiwa na njaa huita kwa nguvu zaidi. Kiduha kimejifunza kusikiliza sauti isiyo yake. Kwa hiyo udongo uliochoka kama wetu, usiotiwa samadi, ndio unaokisikilizisha vizuri zaidi, na shamba la mtu maskini huliwa kabla ya la tajiri. Nilipolisoma hilo nilimfikiria bibi, na jembe lake, na kipande kile kile alichokilima mtama juu ya mtama miaka yote ile.

Jina la kitaalamu la gugu hili ni Striga, neno la Kilatini lenye maana ya mchawi. Wataalamu walioliandika jina hilo na wazee wa kijiji chetu walianzia mahali pamoja. Tofauti ni kwamba wataalamu waliendelea kuchimba.

Likizo ya mwisho wa mwaka 1997 nilirudi nyumbani wakati wa mvua za El Niño, nikakuta Guta imefungwa. Magugu maji yalikuwa yametanda kutoka ufukweni kuingia ziwani, mkeka wa kijani mzito ambao mtumbwi haukuweza kuupenya. Wavuvi walisimama wakiwa na nyavu mabegani. Akina mama waliozoea kuchota maji mahali fulani walitembea mbali kutafuta uwazi. Na juu ya mkeka ule, kote macho yalikofika, yalichanua maua ya zambarau hafifu, kila ua na doa la manjano katikati kama jicho la manyoya ya tausi. Watoto walikuwa wakiyachuma kujipamba. Nilikaa juu ya jiwe nikawatazama kwa muda mrefu.

Mmea ule ulitoka katika mabonde ya Amerika ya Kusini. Haukuvuka bahari wenyewe. Karne ya 19 watu wenye mabwawa ya bustani waliupenda kwa ajili ya ua lake, wakaupeleka Asia na Afrika, wakapeana wao kwa wao. Katika Ziwa Victoria ulitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mto Kagera ulikuwa mojawapo ya njia zilizouleta, vishada kwa vishada, kutoka Rwanda. Una namna mbili za kuzaana. Ya kwanza ni ile ya minyaa ya bibi: mmea mama hutoa mkono majini, kwenye ncha ya mkono linaota kichaka kipya, mkono unakatika, kichaka kinaelea zake. Penye joto na maji yenye rutuba, na ziwa letu linapokea rutuba nyingi kutoka mashambani na mijini, eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Ya pili ni mbegu, zinazozama kwenye matope na kusubiri huko miaka 15 au zaidi. Ndiyo maana kuzoa kwa mikono kulisafisha fukwe kwa muda tu. Uganda ilianza mwaka 1995 kuachia mbawakawa wadogo wenye asili ya kule kule mmea ulikotoka, ambao hawali kitu kingine, na nchi nyingine za ziwa zikafuata. Hadi kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 mkeka ulikuwa umepungua sana. Haujaisha. Kila nikipita Guta baada ya mvua kubwa navikuta vishada vyake vimesukumwa na upepo hadi kwenye majani ya ufukweni.

Nilichokielewa juu ya jiwe lile ni jambo dogo, lakini lilibadilisha namna ninavyofundisha. Tulikuwa tumezoea kufikiri mimea mibaya huletwa na watu wabaya, au na uzembe. Mara nyingi imebebwa kwa mapenzi. Mwaka 2017 watafiti waliozunguka eneo la Serengeti na Mara waliorodhesha aina 245 za mimea ya kigeni, na sehemu kubwa ya ile iliyokwisha kuenea ilikuwa imeletwa kwa makusudi, nyingine ikiwa maua ya kupamba bustani za nyumba na hoteli. Lantana ni mfano ninaowapeleka wanafunzi kuutazama. Ilipandwa iwe ua la boma kwa ajili ya rangi zake, ndege wakaonja matunda yake, na sasa inaota mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kushika jembe.

Wanyama hubeba pia, tena kwa faida ya msitu. Mjomba wangu alilima karibu na mpaka wa hifadhi, na usiku mmoja nililala naye kwenye kibanda cha ulinzi, madebe ya kupiga yakiwa tayari miguuni. Tembo walikuja, wakala mahindi, wakaondoka. Asubuhi mjomba alihesabu hasara yake kimya kimya. Miezi michache baadaye, kwenye lundo la kinyesi lililoachwa kando ya shamba, nilikuta miche mitatu ya mgunga. Tembo hula maganda ya mgunga na mbegu zake, na tumbo lake huua funza waliokuwa wakizitoboa na kulainisha ngozi ngumu ya zile zinazopona, kisha huziacha mbali na mti mama, ndani ya mbolea. Mjomba aliing'oa miche ile yote. Simlaumu. Alikuwa na watoto wa kusomesha.

Mwaka 1998 nilimwambia bibi. Nilimkuta kwenye kivuli cha mwembe anachambua kunde, nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza kila kitu tangu gauni hadi kopo la mkufunzi. Sikuwa na uhakika, na sina hadi leo. Ng'ombe walivuka korongo lile kila siku, na mbegu za kiduha husafiri kwenye matope ya kwato na kwenye samadi isiyooza vizuri. Mvua nazo zilileta maji kutoka shambani kwa mama. Lakini viraka vya kwanza vilikuwa vimetokea mahali pawili: kando ya njia yangu fupi, na pale alipomwagia taka za uani. Bibi alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchambua.

"Mimi nimesikia," akasema. "Sasa nenda ukamwambie aliyeambiwa ni yeye."

Halafu akaniuliza tufanye nini na shamba. Jibu nililokuwa nalo lilimshangaza kuliko kosa langu. Nilimwambia apande pamba. Mizizi ya pamba hutoa kemikali zile zile zinazoamsha mbegu za kiduha. Kwa kweli kemikali ya kwanza ya aina hiyo ilitolewa kwenye mizizi ya pamba, na wanasayansi wa Marekani, mwaka 1966. Ila kiduha hakiwezi kujipachika kwenye pamba. Mbegu inaitwa, inaota, inakosa pa kushika, inakufa. Karanga na kunde nazo husaidia, tena zinaurutubisha udongo. Mwanamke ambaye maisha yake yote alikataa zao lisiloliwa alikaa kimya kidogo, kisha akasema kama pamba inaweza kula kiduha basi nayo ni chakula.

Tulifanya hivyo kwa zamu, pamba msimu mmoja, karanga msimu mwingine, kisha mtama kidogo kupima. Kila kiduha kilichochomoza kiling'olewa kabla ya kuchanua. Kilichotuwahi kwa ua hakikutupwa kando ya shamba, maana mbegu huweza kukomaa hata baada ya kung'olewa. Kilibebwa kwenye mfuko hadi jikoni kikachomwa. Samadi tuliirundika ikaoza kabisa kabla ya kuitumia. Bwana shamba alituletea baadaye mbegu za mtama wa Hakika na Wahi, zilizotolewa kwa wakulima wa Tanzania mwaka 2002, zenye asili ya kazi ya Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyetunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi ambayo mitama ya namna hii ni sehemu yake. Mizizi ya mitama hiyo hutoa mwito hafifu sana, kiduha hakisikii. Bibi hakuipenda ladha yake kama ya mtama wake wa zamani, na masuke ya ule wa zamani aliendelea kuyaning'iniza juu ya moshi hadi alipofariki. Upande wa pili wa ziwa, Mbita nchini Kenya, watafiti wa wadudu walikuwa wamefika kwenye jibu jingine: kupanda desmodiamu katikati ya mahindi, mmea wa jamii ya kunde ambao mizizi yake huivuruga mizizi ya kiduha, na mabingobingo pembeni kuwavutia nondo wa viwavi. Nimeijaribu kwenye kipande changu na ng'ombe wanaishangilia desmodiamu.

Agizo la bibi sikulitekeleza mapema. Nilipangiwa shule, nikaanza kazi, kila likizo nikawa na sababu. Mwaka 2000 nilipanda basi hadi Kibara, alikopelekwa yule mama mzee, nikauliza nyumba kwa nyumba. Nilimkuta mkwewe uani, ameanika dagaa, anawageuza kwa mkono. Alinipa kigoda. Nikaeleza nilikotoka na kwa nini, na nilipofika kwenye maua alikuwa bado anageuza dagaa. Yule mama mzee alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mkwewe alinyanyuka akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha kaburi. Walikuwa wamelizungushia vijiti vya minyaa, na vyote vilikuwa vimeshika, vina utando wa majani madogo madogo kwenye ncha.

"Yeye alikuwa anajua si yeye," akaniambia. Hakusema zaidi, nami sikuwa na la kuongeza.

Shamba la bibi sasa ninalilima mimi. Baada ya miaka yote hii bado viduha viwili vitatu huchomoza kila msimu wa mtama, kwa kawaida kwenye mstari ule ule wa njia fupi. Mwaka jana, wakati wa palizi ya pili, binti wa mdogo wangu, mwenye miaka minane, alitoka mwisho wa tuta ameshika kimoja mkononi, kimechanua hadi kileleni. Alikuwa ameanza kukichomeka kwenye nywele.

Nilimwomba asimame hapo hapo alipo, asitembee. Nikakipokea taratibu, kichwa juu, nikakiingiza kwenye mfuko wa nailoni nikaufunga. Nikapiga magoti nikamkagua mikono, nywele, na pindo la gauni pande zote.

"Shangazi, kwani hili ua limefanya nini?"

Tukakaa chini ya mwembe. Nikaanza kwa kumtajia jina la yule mama mzee.